Hortensia Hazikatwi Januari

Siku ya kuniaga mlinipa keki, kadi yenye sahihi za watu ambao nusu yao siwajui, na sekateri mpya ndani ya kifuko cha ngozi. Sekateri, mkasi wa kupogolea, kwa mtu anayeacha kazi! Wiki tatu sasa nimekaa dirishani hapa Anderlecht na kikombe cha chai nikiliwaza jambo hilo, na bado sijaamua kama ilikuwa heshima au dhihaka. Mke wangu Béatrice anasema ilikuwa zawadi tu. Béatrice huamini watu upesi.

Mliniomba pia niandike mambo ya kazi ili yasipotee. Haya, naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wawili kati yenu ni watu wa kwetu Katanga, na Joris mtamsomea kwa Kifaransa. Nashuku mtaruka baadhi ya sehemu. Msiruke ile ya Kalenga. Ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika, ingawa nitaifikia polepole, maana nina aibu nayo.

Niliingia kwenye bustani ya nyumba ile ya wazee mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwezi wa Novemba, ambao ni mwezi mbaya wa kumwonyesha mtu bustani. Kila kitu kilikuwa kimevuliwa nguo. Nilitoka kituo cha metro cha Tomberg na karatasi ya anwani mkononi, nikafika kwenye lile lango la Woluwe-Saint-Lambert mnalolijua, nikatazama miti mitupu na nyasi zilizolowa, nikajiuliza wanamlipa mtu afanye nini humu. Wakati ule metro ilinileta moja kwa moja kutoka Anderlecht. Baadaye wakubwa wakapanga njia upya ili kuturahisishia, ikabidi nishuke Merode na kubadilisha treni.

Wazee wa nyumba ile wengi wao walikuwa wamisionari wastaafu, mapadri na masista, pamoja na Wabelgiji wachache waliowahi kufanya kazi kwetu enzi za ukoloni. Siku ya kwanza nilisalimiwa na watu sita kwa Kiswahili. Hilo lingemfurahisha mtu mwingine. Mimi nilijiuliza wanataka nini. Mzee mmoja aliniuliza baba yangu alikuwa akifanya kazi wapi kule Likasi, nikamjibu kama mtu anayejibu polisi.

Aliyenipeleka pale alikuwa Kalenga. Yeye pia ni wa Likasi, na alikuwa ametangulia mwaka mmoja. Tulikutana kanisani, nikamwambia natafuta kazi, na Jumatatu iliyofuata akanishika mkono mpaka kwa mkuu wa bustani. Alikuwa mwembamba, mcheshi, hajaoa bado, na aliimba akifanya kazi. Hakuwahi kurudisha chombo kichafu kwenye banda. Alikuwa fundi kuliko mimi. Wakati ule nisingekubali kulisema hilo hata kwa viboko, ila leo naliandika.

Mkuu wa bustani alikuwa Staf, Mflandri mwenye mikono minene na maneno machache. Ofisi yake ilikuwa kile chumba kilicho nyuma ya banda la vioo, ambamo ninyi sasa mnaweka baiskeli. Sakafu yake ilikuwa ya mbao, na Staf aliipaka nta mwenyewe kila Ijumaa. Sheria ilikuwa moja: buti zinabaki nje, wewe unaingia na soksi. Hata mkurugenzi alivua viatu. Kwa hiyo mtu akiwa ndani, kila anayepita anajua ni nani aliye kwa Staf, maana buti zake zimesimama mlangoni zikimngoja. Zangu zilijulikana kuliko zote kwa sababu ya kushoto ilikuwa na kiraka cha tairi la baiskeli.

Staf alinifundisha kutoamini, na mimi nilikuwa mwanafunzi mwepesi. Usiliamini jua la Februari, alisema, linakuja kukagua tu, halijaja kukaa. Usikiamini kipimajoto cha ukutani, kwa sababu ukuta una joto lake. Inama uguse udongo. Usiamini mti mtupu kuwa umekufa, kwangua gome kwa ukucha uone kama chini yake kuna kijani. Usikanyage nyasi zenye sakitu, ule umande ulioganda mweupe, asubuhi, kwa sababu kila hatua itageuka nyeusi na itabaki siku nyingi, na kila mtu atajua ulipita wapi. Sekateri isafishwe kila jioni na ipakwe mafuta ya kitani, hata kama umekata kijiti kimoja.

Na neno lake kubwa lilikuwa hili: ukikuta tawi limekatwa, usiulize kwanza nani amekata. Tazama jeraha. Sekateri nzuri hukata safi, upande mmoja hadi mwingine. Mkasi wa nyumbani hutafuna. Kisu huvuta gome. Jeraha litakuambia chombo, na chombo kitakuambia mtu. Nililiandika neno hilo kwenye daftari langu. Kuandika ni rahisi.

Sasa hortensia. Mnajua safu ile inayofuata njia ya changarawe hadi kanisani, vile vichaka vyenye maua ya mviringo makubwa kama kichwa cha mtoto. Hizo zilipandwa kwa ajili ya sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti. Siku hiyo wazee wanasukumwa kwenye viti vyao katikati ya maua ya buluu mpaka altareni, na wengine humo ndani huishi mwaka mzima wakiingoja siku hiyo moja. Ua likikauka linabaki juu ya kijiti majira yote ya baridi, la kahawia, bovu la kutazama. Linaachwa. Chini yake tu kuna macho mawili manene, machipukizi ya maua ya mwaka ujao, na kile kichwa kikavu ndicho kofia yake.

Mimi sikujua. Kwetu Likasi, kabla ya mvua, unafyeka vikavu, unachoma, na ardhi inakushukuru. Basi Januari yangu ya kwanza, Staf akiwa na mafua nyumbani kwake, niliona aibu kwa ile safu ya takataka kwenye njia ya kanisani. Nikaamua kuonyesha bidii. Nilikata zote, mpaka chini, kwa siku mbili, nikapanga marundo mazuri. Kalenga alikuwa upande wa pili akitandaza mboji. Alipofika na kuona, alisimama na reki mkononi, akasema tu, "Ah, Ngoie. Ah, ndugu yangu."

Agosti ile hakukuwa na ua hata moja. Wazee walisukumwa katikati ya majani. Staf hakunigombeza. Alinichukua pale kila Jumatatu kuanzia Juni, akasimama nami mbele ya majani matupu kwa dakika tano nzima, kisha tukarudi kazini bila neno. Ningependelea anitukane. Mkurugenzi ndiye aliyesema: kosa hili likirudiwa, huyu bwana aende.

Tangu hapo nikawa askari wa zile hortensia. Nilizipitia kila asubuhi kabla ya kuvaa glavu. Nilijua kila kichwa kilipo.

Majira ya tatu ya baridi ndiyo yaliyoharibu mambo. Kalenga na mimi tulikuwa bado na mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na mkurugenzi alitangaza kwamba mwisho wa Machi mmoja wetu atapata kazi ya kudumu na mwingine atakwenda. Béatrice alikuwa amefika kutoka Likasi vuli ile, na tayari ana mimba. Tulikaa chumba kimoja kwa shemeji yangu, tukitembea kwa ncha za vidole ili tusiamshe watu. Bila kazi ya kudumu hakuna mwenye nyumba aliyetaka kutusikiliza. Nililala na kuamka na jambo hilo.

Na katikati ya Januari, vichwa vikavu vikaanza kupotea. Asubuhi moja kimoja. Siku mbili baadaye, viwili. Kisha kimoja, kisha siku nne bila kitu, kisha vitatu kwa mpigo. Nani ana historia ya kukata hortensia pale? Mimi. Nani atafukuzwa jambo hilo likigunduliwa? Mimi. Na nani atabaki? Nilitazama upande wa pili wa bustani, na Kalenga alikuwa anaimba.

Mtu akishaanza kushuku, kila kitu kinakuja chenyewe kama kuku waliosikia mtama. Kalenga alifika mapema siku mbili: kwa nini? Sekateri yake ilikuwa na unyevu saa mbili asubuhi: amekata nini? Aliniuliza, "Ngoie, uko muzuri? Unaonekana muchovu," nikawaza, anapima kama nimejua. Aliniletea kipande cha mkate na samaki, nikakila, nikawaza ananilainisha.

Nilitazama majeraha, ndiyo. Hilo lazima niliandike. Nilipiga magoti kwenye changarawe nikayatazama yote. Yalikuwa yametafunwa. Nyuzi zimevutwa, ncha imebanwa bapa. Haikuwa sekateri, na hata mtoto wa shule ya kilimo angeliona. Nikajiambia: mjanja huyu, ametumia mkasi mbovu ili asijulikane.

Staf alikuwa na plasta mguuni majira yale. Aliteleza kwenye barafu mbele ya jikoni akauvunja, akawa anaendesha bustani kutoka kwenye kiti chake, kwa macho yetu sisi. Alasiri moja nilivua buti mlangoni, nikaingia na soksi, nikamwambia mtu anakata hortensia. Nikamwambia namshuku Kalenga. Staf aliutazama mguu wake wenye plasta.

"Umetazama jeraha?" akauliza.

"Nimetazama."

"Likoje?"

Nikasema, "Safi. La sekateri."

Ndivyo nilivyosema. Sikukosea, wala sikuchanganyikiwa. Nilidanganya, nikiwa nimesimama kwenye ile sakafu yake inayong'aa.

Kesho yake Kalenga aliitwa. Niliona buti zake mlangoni, nikasukuma toroli upande mwingine. Hazikukaa hata robo saa. Jioni Staf aliniita akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekula kitu kichungu, "Amekubali. Anasema ni yeye."

Amekubali! Sijui kama mnaweza kuelewa furaha niliyoipata. Mwezi mzima nilikuwa nikijiuliza kama namwonea mtu, na sasa mtu mwenyewe amekiri. Nilimweleza Béatrice kwa kunong'ona, tukiwa kitandani kwa shemeji, na yeye akasema, "Kalenga? Hapana. Kuna kitu hapo." Nilimwambia yeye huamini watu upesi.

Mwisho wa Machi Kalenga alimaliza. Alisafisha vyombo vyake, akavipaka mafuta, akanipa reki yake mkononi. "Uchunge zile hortensia, ndugu," akasema. Nikaona ananikejeli. Mimi nikapata mkataba, tukapata nyumba, mtoto akazaliwa Juni, na Agosti ile maua yalikuwa ya buluu njia nzima. Staf alistaafu kwa ajili ya mguu wake wiki chache baadaye, akarudi kijijini kwao, na baada ya miaka michache tukasikia amefariki.

Nitasema kidogo kuhusu majira yaliyofuata, kwa sababu humo kuna somo la kazi pia. Januari, baridi kali, wiki nzima ya sakitu. Changarawe ilikuwa imeganda ikiteleza kama sabuni. Asubuhi ya Jumanne nikakuta kichwa kimoja hakipo. Kalenga yuko Anderlecht, kwenye ghala la samaki wa barafu, anabeba makasha. Na hapa kuna kichwa kimoja hakipo.

Safari hii aliyekata alikuwa ameikwepa changarawe, akapita kwenye nyasi. Hatua zilikuwa nyeusi, ndogo, na kando ya kila hatua ya pili kulikuwa na kitundu cha duara. Fimbo. Nilizifuata mpaka mlango wa pembeni, nikagonga chumba cha kwanza, na aliyefungua alikuwa Ma Sœur Lieve, sista mzee aliyekaa Kolwezi miaka mingi kuliko aliyokaa kwao. Juu ya meza yake kulikuwa na mkasi wa jikoni.

"Ma Sœur, ni weye njo unakataka maua?" nikamuuliza kwa Kiswahili chetu cha Katanga.

"Ni miye," akasema, bila aibu yoyote. "Moja kwa kila mufu."

Sikuelewa. Alinishika mkono akanivuta mpaka chumba cha tatu. Padre mmoja alikuwa amefariki usiku ule, na kifuani kwake, chini ya rozari, kulikuwa na kichwa kikavu cha hortensia.

"Ku Kolwezi tulikuwa na maua mwaka muzima," akasema. "Hapa mutu anakufa mu Janvier, tunamupa nini? Plastique? Njo naenda kukata moja. Mwaka jana balikufa wengi, juu ya grippe, ile mafua mubaya. Ulikuwa haupo?"

Nilikuwepo. Nilihesabu vichwa vya maua kila asubuhi, kimoja, viwili, vitatu. Na ile gari nyeusi iliyoingia lango la nyuma asubuhi zile zile niliipisha na toroli langu, nikavua kofia kwa adabu, nikarudi kuhesabu.

Mtaniuliza nilifanya nini. Sikufanya kitu. Staf alikuwa ameshaondoka. Mtoto alikuwa na miezi saba. Nikajiambia nitamwambia Kalenga Pasaka, halafu likizo, halafu mwaka mpya. Kwa Ma Sœur nilifanya jambo moja tu: nilimwomba aniambie kila anapohitaji, ili nimkatie mimi, juu ya macho, kwa sekateri. Miaka michache baadaye alipofariki yeye mwenyewe, ilikuwa Februari. Nilikwenda nikakata kimoja kwa mkasi wake wa jikoni, nikakitazama kilivyotafunwa, nikampelekea. Desturi hiyo ndiyo mnayoiona mpaka leo, na Joris amewahi kuniuliza kwa nini nakata Januari wakati nawakataza ninyi. Sasa anajua.

Lakini kuna kitu kilichonisumbua kuliko uongo wangu. Kwa nini Kalenga alikubali? Mtu hakukata hata kijiti, anaitwa, anaulizwa, anasema ni yeye. Nililigeuza jambo hilo miaka yote iliyobaki, kwenye metro, juu ya ngazi, nikipogoa mipeasi. Nilitafuta hila. Labda alikuwa tayari na kazi nyingine. Labda alikuwa na kosa kubwa zaidi la kuficha. Labda alijua nilichofanya, akaamua kunifunga kwa deni lisilolipika. Hilo la mwisho ndilo nililoliamini zaidi, kwa sababu lilifanana na mimi.

Na yeye aliendelea kunisalimia! Tulikutana sokoni Anderlecht, tukakutana kwenye matanga na ubatizo kule Ixelles, na kila mara ananyanyua mikono, "Ngoie! Na hortensia?" Ghala lile lilimharibu vidole, baridi ya kazini iliingia kwenye viungo ikakaa. Hakurudi tena kwenye kazi ya bustani. Alioa, akapata watoto, akapanga makopo ya maua kwenye dirisha la ghorofa ya nne. Kila wema wake niliupokea kama mtu anayepokea kifurushi asichokiagiza. Niliutikisa kwanza.

Nilipostaafu alikuja nyumbani na hortensia kwenye chungu, imefungwa kwa gunia, vichwa vyake vikavu vyote vikiwa juu. "Usikate mbele ya mwezi wa tatu," akaniambia akicheka. "Unajuaka?" Béatrice alicheka pia. Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Chungu kiko nje barazani, na kila nikiinua macho kutoka kwenye karatasi hii naviona vile vichwa.

Januari ndiyo mwezi wa mtunza bustani kupanga matumaini. Mnakaa ndani, mnafungua vitabu vya mbegu, mnaandika orodha: mwaka huu maharage ya kutambaa, mwaka huu tutahamisha waridi, mwaka huu konokono watatuhurumia. Mimi sina tena bustani ya kupangia. Nilichukua karatasi ya matumaini ya mwaka ujao, nikakuta naweza kuandika kitu kimoja tu. Kwa hiyo Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilivaa koti nikaenda kwa Kalenga. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na viatu vyangu vililowa. Nilivivua nje ya mlango wake, kwenye ngazi, nikaingia na soksi. Mazoea.

Mke wake Régine alikuwa jikoni. Kalenga alinikalisha, akanipa chai. Nilikuwa nimejiandaa kuungama, na kinywa changu kikafunguka na kushuku kwanza, kama kawaida yake.

"Kalenga, nilikuya kukuuliza kintu. Siku ile Staf alikuita juu ya hortensia. Juu ya nini ulisema ni weye?"

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la jirani wa zamani.

"Ah, ile! Bon. Unajua, miye nilikuwa nazani ni weye njo unakata. Mwaka ya kwanza si ulikata yote? Nikasema, huyu ndugu, kichwa yake njo vile, anarudilia. Nikaenda kwa Staf nimwambie, juu nilikuwa naogopa watanitupia miye. Nafika ku mulango, naona mabottes yako. Ile ya kiraka. Nikasema, voilà, balishamuita. Anamufukuza sasa hivi. Na bibi yake njo anafika, iko na mimba." Akainua mabega. "Alors nikarudia ku kazi. Kesho yake Staf ananiuliza, ni weye? Nikasema, oui, ni miye. Nilikuwa peke yangu, ndugu. Nilizani nitapata bustani ingine."

Nikaiweka chai mezani.

"Kalenga. Staf hakuniita."

"Mais niliona mabottes."

"Nilienda miye mwenyewe. Nilienda kumwambia ni weye." Nikaona nisiposema lililobaki sasa sitalisema tena. "Aliniuliza jeraha iko namna gani. Nikasema iko safi, ya sekateri. Haikuwa safi. Ilikuwa ya mukasi ya jikoni. Niliona, na nikabongopa."

Vidole vyake vilivyopinda vilikuwa juu ya meza na sikujua nitazame wapi.

"Na kumbe nani alikuwa anakata?"

"Ma Sœur Lieve. Moja kwa kila mufu."

"Ma Sœur," akasema polepole, akatikisa kichwa. Kisha, "Umejua toka siku gani?"

"Toka mwaka ulifuata."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Kalenga akasimama. Alikwenda mlangoni bila kunitazama, akafungua, nikasikia anainama kule kwenye ngazi. Nilijua anachofanya. Analeta viatu vyangu nivivae niondoke, na sikuwa na neno la kumpinga. Nilianza kufunga vifungo vya koti.

Alirudi navyo mkononi, vinachuruzika maji. Alipita mbele yangu, akapiga magoti kwa shida, akaviweka chini ya kipasha joto, visigino ukutani, akatandika gazeti chini yake.

"Régine," akaita, "Ngoie anabakia kula."

Tulikula. Mwishoni akajifuta mdomo, akanitazama sawasawa, na hakuwa anacheka.

"Ile sekateri mupya balikupa ku kazi," akasema. "Kesho unaniletea."

Nimempelekea, ikiwa ndani ya kifuko chake. Kwa hiyo siku mkija kunitembelea, msiniulize iko wapi.